Mizinga ya Nyuki Isiyopakwa Vanishi

Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa karani katika ofisi moja mjini Tabora. Nilipokea barua, nikazigonga muhuri, nikazitia kwenye majalada. Siku moja droo ya meza yangu ilikwama. Seremala aliyeitwa aliichomoa, akaiacha sakafuni pamoja na randa yake, akaenda kunywa chai. Aliporudi saa tisa, nilikuwa nimeshaitengeneza mwenyewe, na hakuna barua iliyogongwa muhuri.

“Nani kakufundisha, dada?”

“Hakuna.”

“Inaonekana,” alisema, akaniambia nije karakanani kwake Jumamosi.

Nilikwenda Jumamosi zote za mwaka ule, kisha nikaacha kazi. Mama alidhani naumwa, akawaleta wazee wa kanisa waniombee. Waliomba vizuri, na mmoja akaagiza stuli.

Baba anafuga nyuki kijijini Ipole. Nilimpelekea mzinga wangu wa kwanza, nimeupiga msasa na kuupaka vanishi mpaka unang’aa.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba.” Aliunusa mzinga. “Umewajengea nyuki gesti.”

Hata hivyo aliutundika. Nyuki waliupita, wakaenda kukaa kwenye gogo bovu hatua chache mbele. Niliumia sana. Ofisini faili zima liliwahi kupotea mikononi mwangu na nikalala vizuri tu. Kwa hiyo nikajua kazi hii naipenda.

Wa pili sikuupaka kitu. Nilirudia pembe zake mara nne mpaka mbao zikashikana bila mwanya. Wiki mbili baadaye baba alinipigia simu.

“Wameingia,” alisema, akakata.

Niliketi juu ya rundo la maranda nikacheka peke yangu. Baba hakunisifu hata mara moja, ila majirani zake walianza kuja mmoja mmoja, kila mmoja akisema katumwa na yeye.

Sasa nina karakana Ipuli, hapa mjini, mafundi wawili, na nyumba niliyoijenga kwa fedha za mizinga. Asubuhi nafika kabla ya mafundi, kwa sababu mbao ya kwanza ya siku napenda kuipiga randa mwenyewe.

Juzi alikuja mzee kutoka Ulyankulu, akamuulizia fundi.

“Ni mimi, mzee.”

“Sawa, mwanangu. Nitamsubiri.”

Nilimpa kiti nikaendelea na kazi. Baada ya saa nzima ya kunitazama, aliagiza mizinga kumi na miwili, akaniomba nimsalimie fundi.