Kidirisha Chekundu Mgongoni mwa Kamera

Siku yangu ya kwanza studio, bosi alinifungia kwenye chumba cha giza na kuniambia nisitoke mpaka niweze kupata kila chombo kwa kupapasa. Beseni la dawa ya kutolea picha kushoto, maji katikati, dawa ya kugandisha kulia. "Humu ndani mkono ndio jicho," alisema akiwa nje ya mlango. "Ukiogopa giza rudi kwenu, hakuna ubaya." Niliogopa, ila sikurudi. Ilikuwa Shinyanga mjini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, na binti aliyepata kazi ya mshahara hakuwa na sababu ya kuichezea.

Ninyi mnaopiga picha kwa simu huku mnatafuna karanga, mtanivumilia nieleze kidogo. Kamera ya bosi ilikuwa ya mbao, kubwa kama kreti ya soda, imesimama kwenye miguu mitatu. Baba yake aliinunua zamani, familia yao ilipofungua duka la vitambaa na studio pembeni yake. Mbele kulikuwa na lenzi, katikati ngozi nyeusi yenye mikunjo ya kuvuta na kurudisha, na nyuma kioo chenye ukungu. Ulijifunika shuka jeusi, ukaangalia kwenye kioo hicho, ukamwona mteja kichwa chini miguu juu. Ukisharidhika, ulikitoa kioo na kuchomeka kasha la filamu mahali pake. Sehemu hiyo ya nyuma tuliiita mgongo wa kamera.

Filamu zake zilikuwa za bapa, moja moja, kubwa kama jalada la daftari. Maduka ya Dar es Salaam yalianza kutuambia zitakuja mwezi ujao, baadaye yakaacha hata kutuambia. Filamu zilizopatikana zilikuwa za mkanda, zile za kuviringisha. Bosi hakutaka kuiacha lenzi ya baba yake, kwa hiyo akaamua tuubadilishe mgongo.

Alichukua kamera ndogo ya kukunja iliyokufa, akaikata kwa msumeno wa chuma na kubakiza sehemu ya nyuma inayobeba mkanda. Fundi seremala alituchongea ubao wa mninga wa kuingia kwenye mgongo wa kamera kubwa bila kuchezacheza. Tukatoboa katikati, tukapachika ile sehemu ya chuma, tukazungushia mahameli nyeusi kutoka dukani kwao ili mwanga usipenye kwenye kingo, kisha tukapaka rangi nyeusi ndani. Ilituchukua muda mrefu, na bosi alinigombeza kwa kila tone la gundi. Tulipomaliza alinipa soda, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

Kitu kimoja tulikiacha kama kilivyokuwa. Nyuma ya ile kamera ndogo kulikuwa na kidirisha cha mviringo chenye kioo chekundu. Filamu ya mkanda huviringishwa na karatasi yenye namba mgongoni, na kidirisha ni cha kuchungulia namba, ujue umefika picha ya ngapi. Kiliwekwa chekundu kwa sababu filamu za kale hazikuona rangi nyekundu. Zetu mpya ziliona rangi zote. Ndani ya studio hilo halikuonyesha madhara yoyote, na picha zilitoka safi sana.

Msimu wa kuuza pamba, bosi alinituma vijijini, nje ya Tinde, nikapige picha za familia. Kwenye kaya moja nilimkuta kijana anaitwa Masunga, anajiandaa kwenda Geita kuchimba dhahabu. Aliomba akae kwenye kiti, mama yake, Bibi Milembe, asimame nyuma na kumwekea mkono begani, iwe baraka ya safari. Bibi Milembe alikuwa mwembamba, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe, maana kuni zilikuwa za shida upande ule. Mke wa Masunga, Kabula, alisimama pembeni na mtoto mgongoni, akikataa kupigwa picha. Jua lilikuwa kali, na wakati tukimbembeleza mgongo wa kamera ulikaa juani muda mrefu.

Niliposafisha ile filamu mjini, picha ilikuwa na doa jeupe la mviringo lililofunika uso wote wa Masunga. Mama yake alionekana vizuri kabisa, na mkono wake ulikuwa chini tu ya lile doa. Bosi aliigeuzageuza, akaenda kwenye kamera, akakitazama kidirisha. "Jua limepitia hapa," akasema. "Wapige tena, usiwatoze kitu." Akabandika utepe mweusi juu ya kidirisha, na doa halikurudi tena. Lakini Masunga alikuwa ameshaondoka, na familia wakaichukua picha hivyo hivyo.

Baadaye bosi alinihamishia Geita, kwenye kibanda chetu karibu na machimbo, nikawa nawapiga picha ndogo wachimbaji. Mvua zilipoanza, mashimo yao, wenyewe wanayaita maduara, yalianza kuporomoka. Asubuhi moja walipita watu wakikimbia na majembe, na jioni nikasikia majina ya waliofukiwa. Masunga alikuwa mmoja wao. Kabla sijamaliza kumhurumia, nilikumbuka ile picha.

Mnajua miaka ile ilikuwaje kwetu, na kama hamjui waulizeni wazazi wenu. Kikongwe mwenye macho mekundu aliitwa mchawi, na alihitaji ugomvi mdogo tu ili asionekane tena. Walikuja watu na mapanga, na asubuhi kila mtu alikuwa hajaona kitu. Nilifunga kibanda bila ruhusa, nikapanda gari la kwanza kurudi Shinyanga.

Bosi hakuniuliza kwa nini nimeacha kazi. Habari zilikuwa zimemfikia: picha ilikuwa ikizungushwa kijijini. "Wanasema yule mama alimfuta mwanawe uso kwa mkono wake mwenyewe," aliniambia. "Tunaenda. Beba kamera na madawa yote."

Tulimkuta mtemi wa sungusungu, mkuu wa walinzi wa kijiji, ameketi na wazee. Bibi Milembe alikuwa amekalishwa chini peke yake. Nikawaamkia, "Shikamooni," wakaitikia kwa baridi. Baba mdogo wa marehemu alikuwa ameishika picha.

Bosi alieleza habari ya kidirisha, pole pole. Walimsikiliza kwa adabu. Baba mdogo akajibu, "Mzee, wewe ni mfanyabiashara, utaitetea kamera yako. Picha ngapi umepiga zenye doa?"

"Ni hiyo tu tuliyoiona," bosi akasema.

"Hiyo moja. Na mwenye doa kafa."

Nilimgeukia mtemi. "Baba, tutaung'oa utepe hapa mbele yenu. Mtu akae pale pale, kwenye kiti kile kile, bibi akiwa mbali. Doa likitokea, basi ni kamera."

Mtemi alifikiri. "Na nani atakaa?"

Nikasema nitakaa mimi, bosi apige. Baba mdogo akakataa: "Wewe ni wa kamera. Mnajuana wenyewe." Bibi Milembe akajaribu kuinuka, mtemi akamwambia akae, maana doa likimpata yeye lingemmaliza. Wanaume wale wote, wenye pinde na mishale, waliangalia chini. Siwacheki. Mimi mwenyewe nilijitolea huku moyo unaomba nikataliwe.

Ndipo Kabula akamshusha mtoto mgongoni, akampa mwanamke mwingine. "Nipigeni mimi," akasema. "Mume wangu alikaa pale. Huyu mama amenilelea mwanangu. Mkimuua, nitabaki na nani?"

"Kabula, ng'wana wane," Bibi Milembe akamwita, yaani mwanangu, "acha."

Kabula akaenda kukaa.

Nikaanza kuogopa upya, kwa sababu nyingine. Wingu lilikuwa limelifunika jua. Lile doa lilihitaji jua kali. Bila jua picha ingetoka safi, na picha safi ingekuwa hukumu ya bibi. Nilichomeka ubao, nikang'oa utepe, kisha nikajifanya narekebisha miguu ya kamera. Nikavuta ngozi, nikairudisha. Bosi alielewa, akaanza kuwaeleza wazee historia ndefu ya lenzi ya baba yake. Kabula alikaa bila kupepesa macho. Wingu lilipoachia, nilihesabu pumzi zangu mpaka mgongo wa kamera ukapata moto mkononi, ndipo nikabonyeza.

Walituachia ghala la mahindi, tukaziba matundu kwa mablanketi. Mtemi aliingia pamoja nami ili asiwepo wa kusema nimebadilisha filamu. Kwenye giza lile nilishika mkanda ncha mbili, nikawa naupandisha na kuushusha ndani ya beseni. Nilimsikia mtemi akihema. "Mayu," aliniita, kwa heshima ya mama ingawa nilikuwa mdogo kwake, "na kama halipo?" Nikaendelea kuupandisha na kuushusha.

Tulipotoka na filamu ikidondosha maji, niliinua juani. Kwenye filamu mambo huwa kinyume, jeupe huonekana jeusi. Penye uso wa Kabula palikuwa na doa jeusi la mviringo. Nikarudi ndani kuihamishia kwenye karatasi, na mtemi akaiweka picha mpya kando ya ile ya zamani. Madoa yalilingana.

Nilidhani yamekwisha. Mtemi akasema, "Kamera imeonyesha. Bibi arudi nyumbani. Asiguswe." Baba mdogo naye akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Sawa. Lakini wa kwanza alipata doa akafa. Huyu naye amepata. Tutaona." Wengi wakaitikia kwa kichwa.

Ndivyo tulivyomwokoa bibi, kwa kuuweka uhai wake ndani ya mwili wa Kabula. Mtu akikohoa, ni kikohozi. Kabula akikohoa, watu waligeuka kumtazama mkwewe. Bosi alikichomoa kile kidirisha na kuziba tundu kwa bati, kisha nikaendelea na kazi miaka mingi, nikamzaa Neema, nikasimamia studio, nikawafundisha wengine, lakini kila aliyetoka upande wa Tinde nilimuuliza kwanza habari za Kabula. Masika moja alipata malaria kali. Nilienda nikamkuta Bibi Milembe anamlisha uji kwa kijiko, na nje wanaume wawili wamekaa tu hawana shughuli. Mimi, niliyeujua ule ubao kuliko mtu yeyote, nilikaa pale nikiogopa picha yangu mwenyewe. Akili ilijua ni jua na kioo. Mwili haukujua.

Kabula alipona. Baada ya hapo alikuwa akiumwa anaficha, analima na homa, anacheka hadharani jino likimuuma.

Nilistaafu studio za filamu zilipokwisha. Vijana huniuliza kazi hii imenifundisha nini, nami huwaambia kuhusu mwanga, kwa kuwa ndicho wanachotaka kusikia. Ukweli ni kwamba picha huondoka mkononi mwako na kwenda kukaa na watu, na huwezi kujua watakaa nayo vipi.

Bibi Milembe alifariki kwa uzee, kitandani kwake, usingizini. Kwa kikongwe wa kwetu wa miaka ile, hilo lilikuwa la kushukuriwa. Nilienda mazishini. Tulipotoka makaburini Kabula alikaa chini kwenye kivuli cha ukuta, akavua viatu, akaanza kukohoa, kikohozi kirefu cha kifua ambacho bila shaka alikuwa nacho siku nyingi. Watu walipita. Hakuna aliyegeuka.

Nikamuuliza kama anaumwa.

"Ndiyo, Mama Neema," akasema. "Naumwa sana. Sasa naweza."