Isale la Mpaka Wetu

Kesi tulishinda. Hakimu wa Mahakama ya Mwanzo alisoma kwamba mwenye kiwanda cha mtindi pale Njoro amlipe mama yangu maziwa yake ya msimu mzima. Mama, aliyekuwa ameteremka mlimani na kitenge chake cha kanisani, akaninong'oneza akiuliza dirisha la kulipia liko wapi. Alitaka kununua ng'ombe, maana wake alikuwa amezeeka, hakamuliki tena.

Dirisha hakuna. Karani alitueleza kama vile anatufanyia hisani: mahakama hailipi mtu, na ukishinda ni wewe wa kuonesha mali ya mdaiwa, ndipo dalali wa mahakama akaikamate.

Mali gani? Kiwanda kilishafungwa. Pale tulipokuwa tukishusha madumu ya maziwa palikuwa na saluni, na msusi hamjui mtu. Nilihangaika wiki nzima kama askari asiye na mshahara, hasira zimenijaa hadi nawafokea watu wasio na kosa. Mwishowe nikaliona friji kubwa la yule mdaiwa la kupozea maziwa, limefunikwa turubai, nyumbani kwa shemeji yake Chekereni. Dalali akasema twende kesho.

Asubuhi hiyo, kabla sijatoka, mdaiwa akaingia uani kwa mama na jani la isale mkononi. Kwetu Uchagani, mtu akikuletea isale kuomba msamaha, hukatai. Anayekataa anajitafutia laana. Hilo yule bwana alilijua vizuri kuliko kulipa madeni.

"Shikamoo mama," akasema, amepiga magoti. "Nimekosa. Biashara imekufa."

Jani lilikuwa bado linatoka maji. Nikatazama masale yaliyopandwa mpakani mwa shamba letu, pale pa kuingilia: isale moja limevunjwa, bichi kabisa. Yaani hata la kuombea msamaha kachuma kwetu! Nilitamani kumvuta kola.

"Mama, usipokee. Hilo ni letu!"

"Nyamaza," mama akasema, akalipokea kwa mikono miwili. Kisha akanituma chai.

Yule bwana alikunywa chai yetu, akaongeza sukari, akauliza habari za magoti ya mama. Dalali ananipigia simu, mama ananikataza kuondoka mbele ya mgeni, na mgeni hana haraka.

Mimi na dalali tulipofika Chekereni ilikuwa mchana. Turubai lilikuwa chini, limekunjwa vizuri. Jirani akasema pikapu ilikuja asubuhi, ikapakia.

Nilipanda mlima nikitukana njia nzima. Nikamwambia mama wazi: wakati anapigiwa magoti, friji lilikuwa linabebwa, na yeye ndiye aliyeniweka pale nikimimina chai. Nilisema kwa ukali ambao sijawahi kumsemea mzazi.

Mama alimalizia kukata majani ya ng'ombe wake mkavu, akanyooka.

"Isale nililopokea lilikuwa la kunikosea," akasema. "La deni la maziwa hajaleta. Kesho rudi huko ulitafute hilo friji, na safari hii tunakwenda wote."