Gari Ambalo Mtu Hawezi Kulala

Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza alikuwa amesimama nje ya geti la yadi yetu, amevaa suti nyeusi na viatu vilivyong'aa kuliko magari niliyokuwa nimetoka kuyaosha, akisubiri mtu amwambie aingie. Geti lilikuwa wazi. Lilikuwa wazi tangu asubuhi, na kibao cha KARIBU kilining'inia pale pale juu ya kichwa chake. Lakini yeye alisimama tu, mikono ameikunja mbele, kichwa amekiinamisha kidogo, kama mtu aliyezoea kungoja wenyewe watoke. Mimi si mtu wa maneno, kwa hiyo nilibaki na kitambaa changu mkononi nikimtazama, naye akinitazama, mpaka Profesa alipotoka ofisini akatuuliza kama tunasubiri kupigwa picha.

Profesa ndiye mwenye yadi. Uprofesa hakuusomea popote. Alijipa mwenyewe, na watu wakamzoea. Aliuza magari ya mbio yaliyotumika, hayo peke yake: milango miwili, ya chini kiasi kwamba paka akitaka kupita uvunguni lazima alale. Neno "kuukuu" lilikuwa halitamkwi mbele yake. Gari la miaka kumi na sita yeye aliliita "gari lenye uzoefu". Na hakumuuzia kila mtu. Mnunuzi alikalishwa kwenye kiti akahojiwa kama anayeposa binti wa mtu, na wako waliokuja na hela zao taslimu wakaondoka mikono mitupu kwa kosa la kuuliza gari linaingia magunia mangapi.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuosha, kupaka nta na kung'arisha. Darasa la saba langu lilinitosha kusoma maandishi ya kwenye makopo.

"Umewahi kuendesha, mzee?" Profesa alimuuliza, alipomwona ameingia na kusimama mbele ya gari jekundu.

"Miaka thelathini na moja. Nimestaafu mwezi uliopita."

"Dereva wa nani?"

"Wa kampuni."

"Ulikuwa unabeba wakubwa?"

"Wakubwa, wadogo, wote. Hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika."

Profesa alitikisa kichwa kwa heshima. "Ajali?"

"Hata mkwaruzo."

"Na kwa nini umelitaka hili jekundu? Mbona kuna la fedha pale, zuri, la heshima, linamfaa mtu mzima?"

Mzee alilizunguka lile gari jekundu. Alichungulia nyuma ya viti, akapima ile nafasi kwa macho, kisha akaipima kwa mkono. Haikuzidi shubiri tatu.

"Humu mtu hawezi kulala," alisema. "Ndiyo maana."

Profesa alicheka sana. "Na injini inavyounguruma, nani atasinzia!"

Wakatoka kulijaribu. Kabla hajaingia, mzee alikwenda kwanza nyuma ya gari, akafungua. Mle ndani ilikuwa injini, kwa sababu gari lile injini yake ilikaa nyuma. Aliitazama muda mrefu, kisha akafunga kwa mikono miwili, taratibu, kama anayemfunika mtoto shuka.

"Nilikuwa naangalia tu kama kila kitu kimetulia," alisema.

Mzunguko wa majaribio huchukua dakika kumi. Dakika arobaini zilipita. Nilianza kudhani wameanguka mtaroni, mara nikawaona wanakuja. Gari jekundu lilikuwa mbele, likitambaa katikati ya barabara bila kuyumba hata kidogo. Nyuma yake yalikuja magari tisa, yote yamewasha taa mchana kweupe, yamepangana kwa adabu, hakuna anayepiga honi wala anayejaribu kupita. Waliposimama getini, dereva wa gari la pili aliteremka, akavua kofia, akamsogelea Profesa. Profesa alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi.

"Poleni sana," yule mtu alisema. "Marehemu ni nani?"

Profesa alishtuka. "Marehemu gani?"

Mzee akainama dirishani. "Leo hayupo, ndugu yangu. Nenda na kazi zako, asante."

Ndipo tukajua kampuni aliyoifanyia kazi ilikuwa ya mazishi. Miaka thelathini na moja alikuwa akiendesha gari la maiti, na nusu ya mji ilikuwa imewahi kukifuata kisogo chake, kwa hiyo walipokiona tena barabarani, kinakwenda mwendo ule ule, wakajipanga bila kuuliza. Hata mimi nilikuwa nimekifuata, siku tuliyomzika mama yangu. Sura yake sikuiona siku ile. Nilikuwa natazama chini.

Kuanzia hapo fundi wetu alimwita Mzee Taratibu.

Profesa hakutaka kumuuzia. Alisema jina lake limebandikwa nyuma ya kila gari linalotoka pale, na hataki lionekane linapitwa na baiskeli. Mzee Taratibu hakubishana. Alikunja mikono mbele, akainamisha kichwa, akasimama. Alisimama hivyo saa nzima mbele ya meza, na mtu aliyezoea kusubiri msiba uishe huwezi kushindana naye kwa kusubiri. Profesa akasalimu amri, lakini chini ya mkataba akaandika kwa mkono wake: gari hili liendeshwe linavyostahili, likirejeshwa mara tatu limekabwa kwa mwendo mdogo, muuzaji atalichukua na kurudisha fedha ya mnunuzi.

"Magari ya namna hii yana mapafu," alimweleza. "Usipoyakimbiza, plagi zinajaa masizi, injini inaanza kukohoa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Nilitumwa nimsindikize nyumbani, nikamwonyeshe namna ya kuitunza rangi. Huko ndiko nilikomkuta mke wake. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mama mnene mwenye futi ya kupimia shingoni, na cherehani yake aliiweka barazani ili asipitwe na jambo. Alilitazama gari, akamtazama mumewe, akanitazama mimi kana kwamba ndimi niliyemshauri.

"Sasa hili ndilo gari au kiatu?"

"Ni gari, mke wangu."

"Kitambaa cha sare nitakiweka wapi? Mapajani?"

"Hutakiweka popote. Utakaa wewe tu."

Baadaye, nikipaka nta, mama alikuja kunieleza mwenyewe, maana watu wakiona mtu mkimya humwambia mengi. Katika ndoa yao yote hakuwahi kupanda gari analoendesha mumewe. Lile la kazi mumewe aliruhusiwa kwenda nalo nyumbani, likalala uani kwao miaka yote hiyo, naye hakuligusa hata mlango. Mvua ikimnyeshea kituoni, mumewe alipita mbele yake, gari likiwa tupu, anarudi kazini, akasimamisha na kumfungulia. Naye alimwambia nenda zako, mimi bado muda wangu haujafika, akabaki analowa.

"Ananiambia kanunua hili kwa sababu mtu hawezi kulala humo," alisema. "Basi nitapanda. Nimemkatalia vya kutosha."

Alipanda siku ile ile, na mkoba wake. Walizunguka mtaa mmoja. Waliporudi mama alikuwa amewahi kufungua mlango kabla gari halijasimama, na kwa mwendo ule halikuwa jambo la hatari.

"Watu wamesimama kando ya barabara wameshika vifua!" alifoka. "Yule mwuza duka nimemwona kwa macho yangu anafunga mlango kwa heshima. Mume wangu, nakupenda, lakini nikiwa mle ndani najisikia nimeshakufa. Siku utakayoendesha kama watu walio hai, uje uniite. Kabla ya hapo, usiniite."

Kwa hiyo mzee alikuwa amebanwa huku na huku. Asipokimbia, Profesa analichukua gari. Asipokimbia, mke hapandi. Mtu mwingine angekanyaga mafuta mambo yakaisha. Yeye alijaribu. Kila asubuhi alitoka peke yake, na kila asubuhi sindano ya mwendo ilifika thelathini na tano ikakataa. Gari likaanza kukohoa, akalirejesha. Fundi akasafisha plagi, Profesa akachora mstari mmoja chini ya mkataba. Baada ya wiki tatu likakohoa tena. Mstari wa pili.

Mara ya tatu hakuja na gari. Alikuja kwa miguu saa ya chakula cha mchana, akasimama getini mpaka nikamwona.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti ya chini, "kuna mgonjwa nyumbani. Sitaki daktari mkuu ajue."

Mimi si fundi. Lakini nilikuwa nimemwona fundi akifanya mara mia, nikachukua spana ya plagi na brashi ya waya, nikavificha ndani ya ndoo yangu chini ya vitambaa, nikatoka nikiwa nimeinamisha macho kama mwizi wa kuku. Plagi zilikuwa nyeusi tii. Nilizisugua moja moja barazani, mama akiwa anashona na kunitazama juu ya miwani bila kusema lolote, jambo lililonitia hofu zaidi ya kelele. Nikazirudisha. Injini ikawaka, ila bado ilikuwa na kikohozi.

"Sasa lazima likimbie," nilimwambia. "Vinginevyo kesho ni yale yale."

"Twende wote," alisema. "Nikiwa peke yangu siwezi."

Tulikwenda barabara mpya inayoelekea viwandani, pana, imenyooka, na saa ile haina mtu. Alipoingia aliuvuta mlango wake taratibu hadi ukagusa tu. Taa ndogo nyekundu ya mlango ikabaki inawaka mbele yake. Kila siku ilibaki inawaka; milango ya magari yale haifungi kwa kubembelezwa.

Tukaenda. Ishirini. Thelathini. Thelathini na tano. Kila baada ya kitambo kidogo alitupa jicho kwenye kioo cha nyuma. Jasho lilimtoka.

"Mlango haujafunga, Mzee," nilisema.

"Najua. Siwezi kuubamiza." Alimeza mate. "Wiki yangu ya kwanza kazini niliubamiza mlango wa nyuma. Nilikuwa bado na nguvu, na mashaka ya kazi mpya. Mjane akanishika mkono. Hakunigombeza, angenigombeza ingekuwa nafuu. Akaniambia, 'Polepole, baba. Wiki tatu hizi alikuwa hapati usingizi.' Basi. Tangu siku hiyo, nikishika usukani, najua kuna mtu nyuma ndiyo kwanza amepata usingizi."

Akatupa tena jicho kwenye kioo.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Mimi hata nikidaiwa salamu huitikia nikiwa nimeshapita. Lakini nilinyoosha mkono, nikakishika kile kioo, nikakigeuza kikatazama paa.

"Mzee," nilimwambia, "nyuma kuna injini tu. Nayo inataka kuamshwa."

Tulikwenda hivyo kidogo, akitazama mbele. Kisha nilimwona anavuta pumzi, akafungua mlango wake pale pale tukienda, akaubamiza. Taa nyekundu ikazimika. Mguu ukashuka.

Gari lilikohoa mara mbili, likatema moshi mweusi, halafu likaimba. Nilisukumwa kitini kama niliyesukumwa kifuani na mtu mwenye hasira. Sindano ilipita sitini, ikapita tisini, na mzee alikuwa ameketi wima vile vile, suti nyeusi, uso wa msibani, anakwenda kama risasi bila kuyumba hata kidole. Machozi yalimtoka. Mimi pia yalinitoka, ila yangu yalikuwa ya woga.

Trafiki alitusimamisha karibu na mizani. Alikuja na kifaa chake mkononi, akamtazama dereva, akasita.

"Mzee, si wewe uliyekuwa..."

"Ni mimi. Nilikuwa natembea mwendo gani?"

"Mia moja na kumi na mbili. Hapa mwisho ni themanini." Trafiki alikuna kichwa. "Lakini wewe ulimbeba baba yetu, na ulimbeba vizuri. Nenda tu, mzee wangu, nakusamehe."

"Usinisamehe," mzee alisema. "Tafadhali, mwanangu. Niandikie. Andika na mwendo, kwa tarakimu kubwa."

Nafikiri trafiki yule hajawahi kuombwa hivyo. Aliandika, na mzee akaipokea ile karatasi kwa mikono miwili kama mhitimu.

Tuliporudi barazani aliiweka karatasi juu ya meza ya cherehani. Mama akashusha miwani, akaisoma, akaisoma tena, akageuza nyuma kuangalia kama ina mhuri. Ulikuwepo. Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na mkoba wake.

Profesa naye alionyeshwa. Mstari wa tatu hakuuchora. Aliiomba ile karatasi akaitoa nakala, akaibandika ukutani ofisini, na mpaka leo anawaambia wateja kuwa dereva huyo ni mwanafunzi wake.

Miezi michache baadaye wazee wale walihamia kwa binti yao, mji mwingine, safari ya siku nzima. Vitu vilitangulia na lori, cherehani ikiwemo. Asubuhi ya kuondoka walipita yadi kuaga. Niliwapangusia vioo, ingawa havikuwa na vumbi, kwa sababu sikujua niseme nini. Mama aliketi mahali pake, mkoba mapajani, kilemba amekikaza kwa ajili ya upepo. Niliushika mlango wake nikaurudisha taratibu, kwa mikono miwili, ukagusa tu.

Mzee aliinama akanitazama kutoka upande wa pili. Taa ndogo nyekundu ilikuwa inawaka mbele yake.

"Bamiza, mdogo wangu," alisema. "Humu hakuna wa kumwamsha."