Kushoto Mwisho, Kulia Mwisho

Nyundo alipata jina lake kwa kumpiga mtu, si kwa kupiga chuma. Wateja wapya hudhani ni sifa ya ufundi, naye huwaacha wadhani hivyo. Mimi ni mchomeleaji. Kibanda changu na gereji yake vimetenganishwa na bati moja lenye matundu, na kwa miaka kumi na mmoja nimesikia kila alichosema na nimeona mengi aliyoyameza. Ananiita Cheche. Sina ubaya naye, lakini sitampamba.

Baba yake alikuwa mtu wa kupiga watoto wake. Nyundo na dada yake mdogo walikulia chini ya kitanda, wakitazama viatu vya mzee vikienda na kurudi. Nyundo alipofika miaka kumi na sita, siku moja alitoka huko chini akamvunja baba yake mkono kwa mguu wa kiti. Tangu siku hiyo hakujua tena pa kuachia. Alipigana vilabuni, alipigana vituoni, alipigana kwenye foleni ya maji. Alimvunja utingo mmoja wa basi taya kwa ugomvi wa kiti cha dirishani, akala miezi minane jela. Dada mtu, ambaye wakati huo alikuwa akisomea uuguzi, ndiye aliyempelekea sabuni. Siku ya kutoka alimsimamisha langoni akamwapisha kwamba hatainua tena mkono juu ya binadamu, achokozwe asichokozwe. Nyundo akaapa. Tangu hapo hasira zake zikawa zinaishia kwenye nati zilizoshika kutu, na nati hizo nimezionea huruma mara nyingi.

Kazini ana ukorofi wake. Ukimpelekea pikipiki ainue usukani, hakuulizi unataka sentimita ngapi. Anakukalisha juu ya kiti, anakwambia, "Funga macho. Nyoosha mikono. Iache iende inakotaka." Mikono ikitulia hewani ndipo anapima, na usukani unakuja kukaa hapo hapo. Watu hucheka mwanzoni, kisha hurudi kumshukuru. Na hakuna pikipiki iliyotoka kwake kabla hajageuza usukani kushoto mwisho, kulia mwisho, injini ikiwaka, mwenyewe akitazama. Maana ukiinua usukani, vyote vinavyoufuata vinakuwa vifupi: waya wa mafuta, waya wa klachi, mpira wa breki ya mbele unaopitisha mafuta ya breki. Ukigeuza ukasikia injini inapanda yenyewe, au ukaona mpira umekaza, basi kazi bado.

Jumamosi moja asubuhi shemeji yake, mume wa yule dada, aliingia na pikipiki kubwa, ya mbio na safari ndefu, yenye mabegi mawili ubavuni. Shemeji anafundisha udereva. Wanafunzi wake wanamjua kwa rula ya chuma anayowachapa nayo vidole wakikosea gia. Kwa nje ni mtu wa adabu sana, shati limenyooshwa, anasalimia hadi paka.

Pikipiki yenyewe haikuwa yake. Aliinunua dada mtu kabla ya ndoa, na kadi ina jina lake. Nyundo ndiye aliyemfundisha kuiendesha, hapa hapa uani, na kila Jumamosi dada alikuwa akipita nayo kwa mlio uliotikisa bati langu. Alipoolewa, ufunguo ulihamia mfuko mwingine.

"Shemeji, mikono inaniua," yule bwana alisema. "Nikiendesha nusu saa tu, kiganja cha kulia kinakufa ganzi na shingo haigeuki. Huu usukani uko chini mno, unainama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Nataka nikae wima, nistarehe. Leo mchana navuka mlima."

"Itawezekana," Nyundo akasema. "Dada hajambo?"

"Hajambo. Aliteleza bafuni juzijuzi, lakini hajambo."

Mwaka huo ilikuwa mara ya tatu.

"Bafu lenu lina utelezi sana, shemeji," Nyundo akasema, akamwelekeza akae kwenye kiti.

Yule bwana akafumba macho, akanyoosha mikono. Nyundo akaushika ule wa kulia apime unavyokaa, akasimama hapo hapo. Mimi nilikuwa kwenye tundu langu, sioni haya kusema. Kifundo cha kidole cha mwisho kilikuwa kimezama, na juu ya kifundo kinachofuata palikuwa na kovu dogo jipya lililopinda, la jino.

"Hapa ulifanyaje?"

"Nilianguka na pikipiki."

Nyundo akautazama mkono wake mwenyewe wa kulia. Kifundo kile kile kimezama. Nacho hakukipata kwa kuanguka, alikipata kwenye taya la utingo. Mtu aliyewahi kuvunja mkono kwa kumpiga mwenzake usoni hahitaji kuelezwa kovu hilo limetoka wapi. Nilidhani atamuua palepale, na nitasema kweli, nilisogea ili nione vizuri. Lakini alitia mikono yote miwili mifukoni mwa ovaroli, akakaa hivyo mpaka mshipa wa shingo ukashuka. Kisha akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Cheche, nikatie vyuma viwili vya kuinulia. Sentimita nane."

Nilikata, nikalainisha kingo, nikatoboa. Alifungua usukani wa zamani, ule wa vipande viwili, akaweka mmoja mpana juu ya vyuma vyangu, akakaza bolti kwa mpangilio, moja baada ya nyingine. Akabadilisha waya wa mafuta, akabadilisha waya wa klachi, zote ndefu. Uani shemeji alikuwa akimfokea mwanafunzi kwenye simu, akimwita ng'ombe. Nyundo akauchukua mpira mpya wa breki, ule mrefu, akautoa kwenye mfuko wake wa plastiki. Akamtazama yule bwana mgongoni kwa muda mrefu. Halafu akaurudisha mpira mfukoni, akausukumia ndani ya droo, akauvuta ule wa zamani mpaka ukafika kwa tabu, akaufunga.

Nilizima mashine. Tulitazamana kupitia tundu la bati. Usukani ukinyooka, mpira ule hauna neno. Kwenye kona kali, mbele ya pikipiki ikiwa imenyanyuka kwenye bonde la barabara, unavutika, na ukivutika mara kadhaa unapasuka shingoni. Hapo breki ya mbele inabaki jina tu, na mteremko wa mlima ule hauna ukingo. Nilielewa yote. Mkono hakuuinua. Kazi tu ndiyo aliyoiacha nusu.

Ningeweza kusema neno moja. Sikulisema. Nisijitakase, nilifurahi. Nilishusha kinga yangu ya uso nikawasha mashine, nikachomelea geti ambalo halikuwa na haraka yoyote.

Saa nane Nyundo alisema, "Tayari."

Shemeji akapanda, akakaa wima, mikono imelala juu ya usukani bila kujikaza. "Sasa hii ndiyo starehe," akasema. "Umenitendea haki." Nyundo alikuwa akifuta spana ambayo ilikuwa safi tayari. Usukani hakuugeuza, wala kushoto wala kulia.

Hapo dada mtu akaingia getini na helmeti mkononi. Alijifunga mtandio mpaka chini ya kidevu, na sehemu ya shavu iliyojitokeza ilikuwa ya manjano na zambarau.

"Nilimwambia anikute hapa," shemeji akasema. "Kiti cha nyuma si kipo?"

 Spana ilimtoka Nyundo mkononi ikalia sakafuni.

"Shikamoo, kaka," dada akasema, midomo ikifunguka kidogo tu.

"Marahaba."

Alivaa helmeti polepole, akiipitisha juu ya taya kama mtu anayevisha kidonda. Akaweka mguu mmoja pa kukanyagia. Kisha, kwa mazoea tu ya mtu aliyefundishwa uani hapo, akauliza:

"Kaka, umegeuza kushoto mwisho, kulia mwisho?"

 Shemeji akawasha injini, akasema wanachelewa. Dada hakupanda.

"Kaka. Umegeuza?"

"Sijageuza."

"Kwa nini?"

"Toa mguu hapo," Nyundo akamwambia dada yake. "Mpira wa breki ni mfupi. Najua ni mfupi. Mrefu uko kwenye droo." Akamwonyesha shemeji kwa kidevu. "Nilikuwa namfungia yeye. Sikujua na wewe unakwenda."

Shemeji alizima injini. Alishuka bila haraka, akaegesha pikipiki kwenye stendi yake kwa uangalifu, akafungua kifungo cha mkono wa shati. Ngumi ya kwanza ilikuwa ya kushoto, ya tumbo. Ya pili ilikuwa ya kulia, na ilikuja na uzito wake wote. Nyundo aliiona inakuja. Hakuinua mkono. Aliinamisha kichwa tu, akaipokea kwa paji la uso, mahali ambapo mfupa ni mnene kuliko pote. Mlio wake ulikuwa wa kuni kavu. Shemeji aliushika mkono wake akaguna, vidole viwili vimetazama pembeni.

Lakini mkono wa kushoto ulikuwa mzima. Aliiokota ile spana sakafuni, akampiga nayo Nyundo sikioni, akampiga begani, akampiga tena sikioni. Damu ilishuka ikaingia kwenye kola ya ovaroli. Nyundo alikuwa ametia mikono mifukoni, anayumba na kurudi wima, anayumba na kurudi wima. Dada alimvuta mumewe shati, akasukumwa, mgongo ukagonga tangi.

Ndipo nilipozunguka bati. Mimi sikuwa nimemwapia mtu yeyote kitu chochote. Nilikuwa na kipande cha bomba, nikampiga nacho gotini kwa nguvu zangu zote, na alipoanguka nikampiga tena goti la pili. Hilo la pili halikuwa la lazima, na mpaka leo sijalijutia.

"Basi, Cheche," dada akasema. Nikaacha.

Alivua helmeti. Alimtazama mumewe aliyekuwa akijikunja kwenye mafuta ya sakafuni, kisha akamgeukia kaka yake.

"Ungeniua."

"Ningekuua," Nyundo akasema.

"Uliniapia hutainua mkono."

"Sijauinua."

"Umeuinua, kaka," akasema. Alichomoa ufunguo, akautia kwenye mkoba, akatoka getini kwa miguu.

Shemeji alipakiwa kwenye pikapu ya muuza saruji na kupelekwa hospitali. Hakushtaki, maana angetakiwa kueleza na lile shavu. Mkewe alihamia kwenye nyumba za wauguzi. Nyundo alishonwa sikio, na kwa upande huo hasikii tena. Kwa wiki tano hakupokea kazi ya usukani hata moja. Alifunga ule mpira mrefu siku ileile, damu ikiwa haijakauka shingoni, na kila asubuhi alikuwa akigeuza usukani wa pikipiki ile kushoto mwisho, kulia mwisho, hakuna wa kumtazama ila mimi. Nilitaka kumtania nikashindwa. Nami pia nilinyamaza siku ile, na pale nyuma angekaa dada yake.

Wiki ya sita dada alikuja, ufunguo mkononi na kadi yake ndani ya bahasha. Hakumpa shikamoo. Shavu lilikuwa limerudi rangi yake.

"Usukani huu umepimwa kwa mikono ya mtu mwingine," akasema. "Unipimie wangu."

Nyundo akaichukua futi yake ya kupimia. Aliifuta kwanza kwenye ovaroli. Dada akapanda, miguu ikafika chini kama zamani.

"Funga macho," Nyundo akasema. "Nyoosha mikono. Iache iende inakotaka."

Dada akafumba macho. Mikono yake ikapanda yote miwili, haraka, ikafunika uso.

Alikaa hivyo, viwiko vimebana mbavu. Nyundo hakumgusa. Akarudi nyuma hatua mbili, akakaa sakafuni na futi mkononi, akangoja. Nilizima mashine yangu ili pasiwe na kelele. Ilichukua muda mrefu, kivuli cha bati kilihama kutoka gurudumu la mbele mpaka la nyuma. Mikono ikaanza kushuka kidogo kidogo, ikasimama, ikashuka tena, mpaka ikanyooka mbele yake hewani. Nyundo akainuka, akapima.