Nyasi za Golini

Nilipomaliza chuo, timu yetu ya Konde ilinikabidhi nyasi za uwanja. Golini palikuwa pamebaki udongo mtupu, nami nilitaka pasichezewe mpaka masika yaishe. Niliandaa hoja nyingi mno, kila moja nikaitilia shaka. Kikaoni, kipa wetu, ambaye ni kaka yangu, akanitania, "Ewe msomi, nyasi nazo zaumwa?"

Hoja zote zikanitoka. "Haziumwi, kaka. Waumwa wewe. Kila mechi warudi na nyonga imechubuka, mama akupake mafuta ya nazi."

Watu wakacheka, kisha wakakubali kuhamisha milingoti, wacheze kwa upana wa uwanja. Masika yalipokwisha tukairudisha. Kaka akaruka, akadaka mpira wa kwanza, akabaki amelala kwenye majani mabichi, hana haraka ya kuinuka.