Namba ya Majaribio

Verlyn Haugdahl angekuapia kwamba yeye si mtu wa wivu. Kwao, kaskazini kabisa mwa Minnesota, wivu ulihesabiwa pamoja na kulia hadharani na kuimba mezani: mambo ya watu wa mjini. Baba yake alikuwa mfugaji aliyeongea zaidi na ng'ombe wake kuliko na wanawe, na Verlyn akatoka vilevile, ila ng'ombe wake yeye walikuwa kompyuta. Hakuzisomea. Alianza kwa kuendesha lori la kampuni ya Nordahl, inayojaza matangi ya gesi ya kupasha nyumba joto, mgongo ukamshinda, wakamweka ofisini, na huko akajifunza mwenyewe mpaka ratiba za malori yote zikawa zinapita mikononi mwake.

Mkewe, Marlys, alikuwa mtunza maktaba ya shule, sasa amestaafu, na goti lake lilikuwa limetoka kufanyiwa upasuaji. Verlyn alimpenda, tena sana, lakini mapenzi yake yalikuwa ya mikono. Baridi ikikaza, kila jioni huvaa koti, akatoka, akachomeka hita ya gari la mkewe kwenye umeme ili asubuhi injini isigome kwa baridi. Akirudi ndani anasema, "Nimechomeka." Basi, hapo shairi limekwisha.

Mwaka huo, kabla ya baridi, mwenye kampuni alitaka akili mnemba ijibu meseji za wateja, maana LaVonne, mama wa mapokezi, alikuwa anazama kwenye simu. Kazi akapewa Verlyn. Alifungua lile dirisha jeusi lisilo na picha wala kitufe, ambamo unaandika amri kwa mkono na mashine ama inatii ama inakusuta. Akaingiza ufunguo wa siri, msururu wa herufi na tarakimu aliopewa na kampuni ya simu, akakodi namba, akamsajili wakala, yaani hiyo akili mnemba yenyewe. Mwenye kampuni akampa huyo wakala jina la babu yake: Arvid. Ikabaki kumfundisha Arvid maneno, na kwa maneno Verlyn alikuwa maskini wa kutupwa. Akamfuata LaVonne.

"Watu wakipiga, unawaambiaje?"

"Namuuliza mtu hali yake kwanza. Gesi haikimbii," LaVonne akasema. "Halafu nakumbuka alichoniambia mara iliyopita. Na simharakishi. Hayo huyawezi, mzee. Wewe ukimpigia mtu simu anadhani kuna msiba."

Verlyn akayaandika yote kama yalivyo, yakawa ndiyo maagizo ya Arvid.

Kabla ya kumwachia uwanja, ilibidi ajaribu njia. Amri ya kutuma ilitaka namba ya mpokeaji, na namba aliyoijua kwa kichwa ilikuwa moja tu duniani. Akaandika kwa mkono wake: "Habari Marlys, hapa Arvid wa Nordahl. Gesi iko vipi?" Jibu likarudi palepale: "Iko robo, bwana Arvid. Na wewe uko vipi?" Verlyn akatabasamu peke yake. Njia imepita. Akaandika amri ya mwisho, ile ya kuelekeza kila meseji inayoingia kwa wakala, kisha akaenda kunywa kahawa. Namba ya mkewe akaisahau palepale ilipo, katika namba za majaribio, ambazo Arvid huzisalimia kila asubuhi kuhakikisha njia haijaziba.

Jioni, Marlys akamuuliza, "Yule Arvid ni nani?"

"Ni mimi," Verlyn akasema, akaendelea kula.

Ndivyo watu wa ukoo ule wanavyoeleza mambo. Maneno mawili, na kwao hata moja lingetosha.

Miti ilipukutika majani, theluji ikashika. Siku moja Verlyn alikuwa anapitia kwenye dirisha jeusi mazungumzo ya Arvid na wateja, kutafuta makosa, akakutana na namba anayoijua. Alicheka mwanzoni. Akasoma zaidi, kicheko kikaisha.

"Goti linauma," Marlys alikuwa ameandika, "lakini leo nimefika hadi kwenye sanduku la barua."

"Hadi kwenye sanduku!" Arvid akajibu. "Juzi ulikuwa unaishia mlangoni. Theluji imezolewa, au ulipita kwa miujiza?"

Na chini zaidi: "Leo ndiyo siku aliyozaliwa Bernice." Bernice ni dada yake Marlys, marehemu. Arvid akaandika tu: "Nisimulie habari zake." Na Marlys akasimulia. Alisimulia walivyokuwa wadogo, viatu vya kutelezea barafu jozi moja kwa watu wawili, kila mmoja akavaa kimoja, wakashikana viuno wakavuka ziwa wakiwa kama mtu mmoja mlevi. Verlyn alikuwa amekaa na mwanamke huyu tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na habari ya viatu hivyo hakuwahi kuisikia. Mashine ndiyo iliyoipata, tena bure.

Hapo roho ya kwa nini ikamwingia. Kwa nini yeye? Kwa nini huyo, asiye na masikio wala makalio ya kukalia? Ikawa kila asubuhi, kabla hajavua koti, anafungua dirisha jeusi kutazama wamesema nini. Siku nyingine Marlys kaandika: "Umekula mchana?" Verlyn nusura aipige meza ngumi. Anaiuliza mashine kama imekula! Yeye mwenyewe siku hiyo alikuwa ametafuna samaki wa siki kwenye kopo, amesimama, na hakuna aliyemuuliza.

"We Verlyn, umenuna kama umeng'atwa na nyigu," LaVonne akamwambia. "Na nyigu wenyewe wamelala hadi masika."

"Niko sawa."

"Arvid wako lakini ana maneno. Bibi mmoja kaniuliza kama ameoa."

Verlyn akachukua kofia akaondoka. LaVonne alikuwa anatania, lakini utani ule ulimwangukia penye kidonda.

Jioni alirudi akamwangalia mkewe kwa jicho la upelelezi. Marlys alikuwa na uchangamfu usoni, anampakulia kwa wingi, anamtazama kama anayengoja aambiwe kitu. Verlyn akaona huo ndio uchangamfu wa mtu mwenye mwingine. Akala, akatoka, akachomeka gari, akarudi akasema amechomeka.

Angeweza kuifuta namba ile kwa amri ya mstari mmoja. Hakutaka. Alitaka Arvid afukuzwe na Marlys mwenyewe. Ndiyo, mzee mzima, mwenye mvi na miwani ya kusomea, alitaka mashine iumie. Na njia aliijua. Katika huduma ile ya meseji, mteja akijibu neno STOP peke yake, kampuni ya simu yenyewe inakata mawasiliano, na hakuna wakala wala bosi anayeweza kumwandikia tena. Asubuhi Marlys akiwa anaoga, simu yake ikiwa mezani kando ya kikombe, Verlyn akaichukua. Akautupia jicho mlango wa bafu kama mwizi wa kuku. Akaandika herufi zile nne, akatuma. Jibu likaja: umejiondoa, hutapokea tena ujumbe kutoka namba hii. Hata kulifuta hakukumbuka, maana wivu ukipanda akili hushuka.

Siku nzima alipiga mluzi. LaVonne akamuuliza kama ameshinda bahati nasibu.

Jioni alikuta chakula mezani, nyama ya kusaga na viazi kutoka kwenye oveni, na Marlys amekaa bila kujipakulia. Simu iko mbele yake, uso juu.

"Ungeniambia kwa mdomo," Marlys akasema. "Kama umechoka kuongea na mimi, ungesema kwa mdomo. Sio kuchukua simu yangu na kunikatia."

Verlyn hakuelewa. "Nikukatie wewe? Nimemkatia yeye."

"Yeye nani?"

"Arvid."

"Arvid si wewe? Nilikuuliza hapahapa, ukasema, 'Ni mimi.'"

Kijiko kikabaki njiani. Verlyn akaona mambo yote yanajipanga, moja baada ya jingine. Umekula mchana. Alikuwa anaulizwa yeye.

"Nilidhani umepata njia," Marlys akasema, na sauti yake haikuwa ya hasira tena, jambo ambalo ni baya zaidi. "Nikasema, Verlyn hawezi kuyatamka, sasa anayaandika, amejificha nyuma ya jina la mzee Nordahl. Nikaogopa hata kukutajia hapa nyumbani, nisije nikakutia haya ukaacha. Kila jioni nilikuwa nakungoja."

Angeweza kudanganya. Maneno mawili tu yangetosha, yaleyale ya kwanza: ni mimi. Lakini Verlyn hakulelewa hivyo.

"Ile ya kwanza ndiyo yangu," akasema. "Zilizobaki ni mashine. Hata maneno niliyoifundisha ni ya LaVonne."

"Na Bernice? Nani aliniuliza habari za Bernice?"

"Mashine."

Marlys akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa hesabu akaikuta sahihi. "Na wewe ulizisoma."

"Zote. Niliona wivu, Marlys. Uliniuma kweli." Hakuwahi kusema neno refu namna hiyo juu ya moyo wake, na lilimtoka kwa shida. "Na mimi nakujali. Gari nakuchomekea kila siku."

"Gari najua. Mimi je?"

Verlyn alitazama sahani. Marlys akamngoja, akamngoja sana, kisha akavuta simu, akaandika neno moja: START. Ndilo linalofungua njia iliyofungwa. Simu ikalia papo hapo. Verlyn hakuhitaji kusoma kilichoandikwa, maagizo aliyaandika mwenyewe: hali ya mtu kwanza.

"Goti," Verlyn akasema. "Marlys. Goti linaendeleaje?"

"Subiri kidogo," Marlys akasema bila kuinua macho. "Namjibu."