Hodi Kwenye Ubongo wa Nne

Kiwandani walimwita Usinisumbue, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Lilitokana na kibao alichokigongomea kwenye mlango wa chumba chake cha kazi, kijichumba chembamba nyuma ya presi, chenye kiti kimoja, feni inayokoroma na kompyuta tatu zilizovuliwa maganda. Neno lenyewe lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyekundu. Wapakiaji wakipita waliugonga mlango makusudi kisha wakatimua mbio, watu wazima wenye ndevu zao. Yeye hakufungua. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, miwani yake imeshikizwa kwa waya, na maisha yake yote alikuwa akiomba kitu kimoja tu, aachwe amalize alichoanza.

Alikulia katika nyumba ya vyumba viwili yenye watu kumi na mmoja. Tangu mdogo alipenda kufungua redio mbovu, na kila aliposhika bisibisi alitumwa maji, akatumwa chumvi, akaitwa ambebe mtoto. Mama yake alikuwa akisema mwanawe anasikia kwa sikio moja. Si kweli. Alisikia kila kitu, na ndicho kilichomchosha.

Kiwanda kilitengeneza masufuria na vifuniko. Presi ilikuwa mashine kubwa kuliko zote mle ndani. Mwendeshaji anaweka duara la bati, nyundo ya chuma inashuka, inapanda, mwendeshaji anatoa kifuniko. Mbele ya nyundo kulikuwa na pazia la miale ya mwanga, na mkono wa mtu ukiukata mwale mmoja tu, nyundo lazima isimame. Kisanduku cha zamani kilichokuwa kikilinda mikono hiyo kilikufa, na waliokiunda walikuwa wameshafunga duka. Usinisumbue akajifungia wiki tisa, akaunda kingine kwa kompyuta ya kawaida. Kila mtu alimpongeza. Mimi nasema hakuna aliyemuuliza kama ni haki mikono ya watu kumtegemea mtu mmoja na kompyuta moja, lakini mimi sikuulizwa.

Kompyuta ya kawaida ni kama ile nyumba aliyokulia. Prosesa yake, kile kipande kinachofikiri, ina bongo nne, na ndani ya mfumo kuna kerneli, ndiyo inayogawa kazi, na kerneli haivumilii kuona ubongo umekaa bure. Ubongo ukiwa umetulia unasubiri jambo la maana, unaletewa la jirani: hifadhi faili hili, jibu mtandao ule. Kwa mtu anayeandika barua haina neno. Kwa nyundo ya tani themanini, kuchelewa kidogo ni kidole cha mtu.

Kwa hiyo Usinisumbue aliutenga ubongo wa nne. Katika mstari ambao kerneli huusoma mashine inapowaka, aliiandikia kwamba ubongo huo usipangiwe kazi ya mtu yeyote. Mle akaiweka programu moja tu, ya kutazama miale. Ikikatwa, isimamishe nyundo ndani ya milisekunde moja, yaani sekunde moja ukiigawa mara elfu.

Halafu kulikuwa na hodi. Hilo ndilo jambo ambalo mafundi wengi hulisahau. Unaweza kuzifukuza kazi zote kwenye ubongo, lakini vifaa vina tabia ya kupiga hodi. Kadi ya mtandao ikipata habari inagonga, diski ikimaliza inagonga, na ubongo uliogongwa huacha kila kitu ukaenda kufungua mlango. Kutenga ubongo hakuzuii hodi. Lazima uzishike moja moja na kuzielekeza kwenye bongo nyingine. Alifanya hivyo. Akaing'oa na ile programu ndogo inayozunguka ikizisawazisha hodi kwa bongo zote, eti kila mmoja apate haki yake. Akaitupa kabisa.

Mwisho akajiwekea sheria, akaibandika ukutani. Kitu kipya kikichomekwa kwenye kompyuta ile, presi isimame, ipimwe zamu nzima, masaa manane, kompyuta ikiwa imebebeshwa kazi hadi iheme. Wastani hakuutazama. Alitafuta kuchelewa kukubwa kuliko kote, akakuita namba mbaya, akaiandika daftarini na kutia sahihi. Kwa miaka sita namba mbaya haikufika hata milisekunde moja.

Aliyesimama mbele ya presi ile kila siku alikuwa dada mkubwa wa mkewe. Ni mjane, mnene, mwenye kicheko kinachosikika juu ya kelele za mashine, na ndiye mtu pekee kiwandani aliyegonga mlango ule ukafunguliwa.

"Hodi, shemeji! Umekula, au unashiba kwa hizo nyaya?"

"Nakuja, shemeji. Namalizia."

"Unamalizia tangu nikufahamu. Hivi una bongo ngapi wewe?"

"Nne."

"Tatu. Mmoja umeufungia ndani."

Shemeji alikuwa akiyasimulia hayo nyumbani kwa Usinisumbue kila Jumapili, na mkewe alicheka upya kila mara. Kusema kweli Usinisumbue alimpenda shemeji yake. Hakuwahi kulitamka, lakini daftari lile alilitunza kwa ajili ya mikono yake.

Jumanne moja asubuhi meneja alikuja na boksi chini ya kwapa. Ndani mlikuwa na kadi ya kamera. Alitaka kamera nane ukumbini, ajue nani anaacha kazi kwenda kupiga soga.

"Kompyuta yako ina nafasi wazi," alisema. "Iweke humo."

"Hii ni ya presi, bosi. Haiwekwi kitu."

"Ina bongo nne, si ulisema mwenyewe? Zinafanya nini zote?"

"Mmoja haufanyi kitu. Unasubiri."

"Basi huyo ndiye mfanyakazi ninayemtafuta kwa kamera," meneja akasema, akacheka peke yake. "Weka. Na presi iwe imewaka saa nne. Kuna lori linasubiri vifuniko."

"Nikichomeka, lazima nipime zamu nzima."

"Dakika kumi nakupa. Kama ni mbovu, itaonekana."

Hapa ndipo ninapomkasirikia Usinisumbue, na sitamficha. Alikuwa na ufunguo wa swichi kuu mfukoni. Alikuwa na sheria yake ukutani, kwa mwandiko wake. Angesema hapana, pengine meneja angefoka, pengine angemfukuza. Lakini mtu aliyezoea kuomba aachwe, akishagombezwa, hufanya lolote ili anayemgombeza aondoke. Akaichomeka kadi, akaweka na programu zake. Akatazama orodha ya hodi, akaona za kamera zinagonga ubongo wa kwanza, mbali na wa nne. Akapima dakika kumi. Namba ilikuwa ndogo, ya kupendeza. Akaandika daftarini, "Imepimwa," akatia sahihi.

Asichokiona ni kwamba ule mzigo wa programu za kamera ulikuja na msawazishaji wa hodi, yuleyule aliyemtupa miaka sita nyuma. Alikuwa amerudi kimyakimya, na kwa kuwa ukumbi ulikuwa umetulia, hakuwa na la kusawazisha. Kamera zile hutuma picha nyingi watu wanapotembea. Watu wakiwa wameinama kwenye mashine zao, hazina habari kubwa. Zamu nzima ina kengele ya chakula ndani yake. Dakika kumi hazina.

Jumanne hiyo na Jumatano zilipita salama, watu wakila kwa zamu kwa sababu ya lori. Alhamisi, saa sita kamili, kengele ililia na watu mia moja na ishirini wakainuka kwa pamoja. Kamera nane zikaanza kugonga. Msawazishaji akaona ubongo wa kwanza umezidiwa na wa nne umekaa kimya, akafanya alichoumbiwa, akazihamishia hodi huko. Shemeji alikuwa amebakiza kifuniko kimoja. Alinyoosha mkono wa kulia kukitoa.

Usinisumbue hakusikia ukelele. Alisikia mashine zikizimwa moja baada ya nyingine, kisha akasikia kimya ambacho hajawahi kukisikia mahali pale. Hospitali walimkata shemeji vidole vitatu na sehemu ya kiganja.

Jioni ileile alisoma kumbukumbu za kompyuta. Saa sita na sekunde nane, kuchelewa kwa milisekunde arobaini na moja. Akasoma tena, akidhani macho yamemdanganya. Akatafuta, akamkuta msawazishaji amekaa humo kama mwenye nyumba. Alikaa kwenye kile kiti kimoja, mlango umefungwa, na kwa mara ya kwanza akatamani mtu yeyote agonge.

Kesho yake aligonga meneja. Alikuwa mpole, na upole wake ulitisha kuliko ukali.

"Mkaguzi wa usalama anakuja Jumatatu. Mimi nasema mama yule aliharakia chakula, akaingiza mkono vibaya. Uzembe. Wewe ndiye pekee unayesoma hayo madude. Yanasemaje?"

Usinisumbue alivua miwani, akaukaza ule waya.

"Sahihi kwenye daftari ni ya nani?" meneja akauliza, akaondoka bila kungoja jibu.

Ndiyo hivyo. Akinyamaza, shemeji yake ataandikwa mzembe, atafukuzwa akiwa na mkono mmoja mzima, na hakuna kiwanda kitakachompokea. Akisema, anajifunga mwenyewe. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeweza kuisoma namba ile. Siku mbili hakula. Mkewe alidhani ni huruma kwa dada yake, akamwekea chakula mlangoni na kukiondoa kilivyo.

Jumapili akaenda hospitali. Shemeji alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa bandeji nyeupe hadi kwenye kiwiko, uso umepungua. Alipomwona akajaribu kucheka.

"Shemeji, nisamehe," alisema. "Nimekuharibia mashine yako."

"Unasema nini?"

"Miaka sita haijagusa mtu. Nimekuja mimi na njaa yangu. Meneja alipita jana, kanieleza. Labda kweli niliharakisha. Sikumbuki, lakini labda."

Alitaka kumwambia palepale. Badala yake akammenyea ndizi, akamlisha, kwa sababu hakuweza kuimenya mwenyewe, na wakati wote ule mwanamke yule aliendelea kumwomba radhi.

Jumatatu ofisini walikuwa watatu, meneja, mkaguzi na yeye. Mkaguzi alikuwa mama mtu mzima mwenye kalamu iliyotafunwa. Meneja alieleza habari ya njaa na haraka. Kisha Usinisumbue akaweka mezani karatasi aliyochapisha na daftari lake.

"Hakuharakisha," alisema. "Alikata mwale kwa wakati wake. Kompyuta ilichelewa milisekunde arobaini na moja. Sheria inataka nipime zamu nzima. Nilipima dakika kumi. Sahihi ni yangu."

"Arobaini na moja nini?" meneja akadakia. "Hata kupepesa jicho ni zaidi! Mnaandika kitu hicho kwenye ripoti ya serikali?"

Mkaguzi aliigeuza karatasi, akairudisha ilivyokuwa. "Nani alikupa dakika kumi?"

"Mimi nilizipokea," alisema Usinisumbue.

Najua alichokuwa akifanya. Hata siku ile hakuweza kumsogezea mtu mwingine mzigo, akaubeba wote, na meneja akampa nafasi aubebe. Ripoti ikaandika kwamba mwendeshaji hana kosa na kwamba fundi alisaini kipimo asichokifanya. Akafukuzwa mchana huohuo. Kamera zimebaki, zimehamishiwa kompyuta nyingine iliyonunuliwa wiki ile. Kibao chake kiling'olewa, mlango ukabaki na matundu manne ya misumari.

Shemeji alitoka hospitali akaletwa nyumbani kwa Usinisumbue, akapewa chumba cha mbele. Mkewe Usinisumbue alikuwa ameshajua kila kitu, na tangu ajue alizungumza na sufuria na mwiko, hakuzungumza na mumewe. Alasiri moja Usinisumbue alisimama kwenye mlango wa chumba kile, ukiwa wazi, akagonga fremu.

"Hodi."

Shemeji hakusema karibu. Alisogeza tu miguu, apate pa kukaa. Yeye akabaki amesimama, akamweleza yote kuanzia boksi la kadi. Shemeji alimsikiliza akitazama dirishani.

"Kwa hiyo siku ile nakuomba radhi, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Ukanilisha ndizi."

"Ndiyo."

Shemeji akaliacha dirisha, akamtazama. "Hiyo arobaini na moja. Nionyeshe ina urefu gani."

"Haionekani, shemeji. Ukipepesa jicho mara moja, imeshapita mara tatu."

Shemeji alipepesa jicho, taratibu, kama mtu anayejaribu kitu kipya. Kisha akautazama mkono uliofungwa.

"Na huko kupima ulikokuacha? Kulikuwa na urefu gani?"

"Zamu nzima. Masaa manane."

"Masaa manane nayajua," alisema. "Nimeyasimama kila siku, miaka sita, nikijua umepima."

Akageukia ukuta. Usinisumbue alingoja aambiwe aondoke, hakuambiwa. Jikoni mkewe alikuwa akiosha vyombo, kifuniko kikaanguka sakafuni, na shemeji akauvuta haraka kifuani mkono wake wa kushoto, ule uliobaki mzima.